Shule Zikifungwa, Mwanafunzi Abaki na Nani?

Jumanne ya tarehe 17 Machi, 2020, siku moja tu baada ya kutangazwa mgonjwa wa kwanza wa korona nchini, Serikali iliamuru shule zote za awali, msingi na sekondari zifungwe kwa siku 30. Kesho yake vyuo navyo vikafuata. Waliokuwapo katika vituo vya mabasi siku zile watawakumbuka vijana waliojaa huko na masanduku yao ya bati na magodoro yaliyofungwa kwa kamba, wengine wakicheka kwa furaha ya likizo isiyotazamiwa, wengine kimya. Amri ile ilikuwa ya lazima, na makala haya hayakusudii kuihoji. Linalotupasa kulihoji, kwa kuwa sasa miaka imepita na vichwa vimetulia, ni jambo jingine: tulipomtoa mwanafunzi mikononi mwa mwalimu wake, tulimkabidhi kwa nani?

Siku 30 zile ziligeuka kuwa zaidi ya 100. Vyuo na kidato cha sita walirejea tarehe 1 Juni; wengine wote wakangoja mpaka tarehe 29 Juni. Ukilinganisha na jirani zetu, sisi tulipata nafuu mapema. Kenya ilirudisha madarasa machache mwezi Oktoba, na yaliyosalia yakarudi Januari 2021. Uganda haikufungua shule zake zote kikamilifu mpaka tarehe 10 Januari, 2022, na hakuna nchi nyingine duniani ambayo watoto wake walikaa nje ya darasa kwa muda mrefu kuliko huo. Hata hivyo siku 100 si chache kwa kijana wa miaka kumi na minane aliyekuwa akijitayarisha kwa mtihani wa mwanzoni mwa Mei, kisha akaambiwa kwamba mtihani umeahirishwa, na siku yake mpya haijulikani.

Kijana mmoja wa namna hiyo namfahamu vizuri, kwani ni mpwa wangu. Shule ilipofungwa alikuja kukaa kwangu Dar es Salaam. Wiki mbili za kwanza alisoma kwa bidii. Kufikia katikati ya Aprili alikuwa halali usiku. Kifua kilimbana, pumzi zikamwenda mbio, mikono ikamtetemeka. Naye, kwa kuwa redio na simu zote zilikuwa zikieleza habari za ugonjwa unaobana pumzi, akaamini kuwa umempata. Nikampeleka zahanati. Tabibu akampima, hakukuta homa wala kikohozi, akasema mapafu yake ni mazima. Mimi, msomi wa chuo kikuu ninayeandika katika gazeti, nikatoka pale nimeudhika, na njiani nikamkaripia kwamba aache kudeka, ashike vitabu. Nakiri kosa hilo hadharani kwa sababu naamini si langu peke yangu.

Mwishowe nilimrudisha kijijini kwa mama yake. Dada yangu hakusoma zaidi ya darasa la saba, na hakumhutubia mwanawe hata mara moja. Alimpa kazi. Alfajiri alikwenda kukata majani ya ng'ombe, mchana alisoma, jioni alimfundisha hesabu binti wa jirani aliyekuwa darasa la sita, wakiwa wamekaa barazani, kila mmoja upande wake. Usiku simu ya kijana ilikaa chumbani kwa mama. Tena kulikuwa na mwalimu wake mmoja wa biolojia ambaye kila Jumamosi alimpigia kwa dakika mbili tatu, akamwuliza swali moja la somo na swali moja la hali yake. Baada ya wiki tatu usingizi ulirudi. Sidai kwamba hofu yote ilimtoka, kwani hata siku ya kurudi shuleni alitapika kabla ya kupanda basi. Lakini alikwenda, na tarehe 29 Juni aliingia katika chumba cha mtihani pamoja na wenzake.

Nimeanza na kisa cha nyumbani kwangu kwa kuwa ndani yake mna karibu mambo yote ambayo wataalamu waliyagundua baadaye kwa tafiti kubwa. Mwaka 2021 ulichapishwa uchambuzi uliokusanya tafiti 29, zilizofanywa zaidi katika Asia ya Mashariki, Ulaya na Marekani ya Kaskazini, na zilizohusu watoto na vijana zaidi ya 80,000. Ulionyesha kwamba mtoto mmoja kati ya watano alikuwa na dalili za wasiwasi uliovuka kiasi, kiwango kinachokaribia kuwa maradufu ya kile kilichokadiriwa kabla ya janga. Watoto wetu hawakuhesabiwa katika uchambuzi huo. Lakini ni mwalimu gani aliyekuwa kazini mwaka ule atakayesema kuwa hakuwaona?

Yafaa hapa tutofautishe mambo mawili ambayo kwa kawaida huchanganywa. Hofu ni kitu chema. Mtu asiyeogopa ugonjwa hanawi mikono. Wasiwasi ninaouzungumzia ni ule ambao umeachana na sababu yake, ukawa unakaa mwilini wenyewe: unakula usingizi, unaziba masikio darasani, unaumiza tumbo kila asubuhi ya shule. Mwanafunzi wa namna hiyo ukimtazama kwa haraka utamwona mvivu, mtoro au mkaidi. Ndiyo maana wengi wao huishia kuchapwa.

Sasa, ni nini kilichowakinga wale ambao hawakufikia hapo? Mapema mwaka 2020, wakati maradhi yalikuwa bado yakitawala China, watafiti waliwahoji wanafunzi 7,143 wa chuo cha udaktari cha Changzhi. Takriban robo yao walikuwa na wasiwasi, wengi wao kwa kiwango cha chini. Walioishi na wazazi wao walikuwa na nafuu. Waliotoka katika nyumba zenye kipato cha uhakika walikuwa na nafuu. Waliokaa mjini nao walikuwa na nafuu kuliko wa vijijini. Waliokuwa na ndugu au mtu wanayemfahamu aliyepatwa na maradhi walikuwa na hali mbaya zaidi, na kadiri mtu alivyokuwa na watu wa kumtegemeza ndivyo wasiwasi wake ulivyopungua. Zingatieni kwamba hao walikuwa wanafunzi wa udaktari, watu wenye kujua vema habari za virusi na maambukizo. Elimu yao peke yake haikuwatosha.

Hilo la kipato ni zito, na sisi watumishi wa umma tusilipite mbio. Mshahara wetu uliingia mwezi Aprili kama ulivyoingia mwezi Februari. Haikuwa hivyo kwa mwongoza watalii wa Arusha, wala kwa mama lishe wa nje ya geti la shule, wala kwa mwalimu wa shule ya binafsi ambaye ada zilipokoma na mshahara wake ukakoma. Mtoto wa nyumba kama hizo alikuwa na hofu tatu kwa pamoja: hofu ya ugonjwa, hofu ya mtihani, na hofu ya kwamba huenda asirudi shuleni kabisa. Kwa msichana iliongezeka ya nne, nayo sina haja ya kuieleza kwa walimu. Kumwambia mtoto huyo ajipe moyo ni kumwambia neno tupu.

Lakini yako mambo ya kinga ambayo hayahitaji fedha nyingi, na la kwanza kati ya hayo ni mtu mzima mmoja mwenye kumfahamu mtoto kwa jina. Katika kisiwa cha Kauai, Hawaii, mtaalamu Emmy Werner na wenzake waliwafuatilia watoto 698 waliozaliwa mwaka 1955, kuanzia kuzaliwa kwao hadi utu uzima. Miongoni mwa wale waliokulia katika dhiki kubwa, theluthi moja hivi walikua wakawa watu wazima wenye kujimudu na kujali wenzao. Jambo moja lilijirudia katika maisha yao: kila mmoja alikuwa na angalau mtu mzima mmoja aliyesimama naye, na mara nyingi, nje ya jamaa zake, mtu huyo alikuwa mwalimu. Dakika tatu za Jumamosi za yule mwalimu wa biolojia hazikuwa jambo dogo.

La pili ni utaratibu wa siku. Sisi tuliosoma bwenini tulizichukia kengele. Kengele ya kuamka, kengele ya usafi, mstarini, vipindi, uji wa saa nne, michezo ya jioni, kujisomea usiku, taa kuzimwa. Mwalimu wa zamu tulimwona kama askari jela. Machi 2020 kengele zote hizo zilinyamaza kwa siku moja, na ndipo ilipodhihiri kwamba zilikuwa zikishikilia kitu zaidi ya nidhamu. Mwanafunzi ambaye hajui ataamka saa ngapi wala kesho itakuwa na nini, akilini mwake hujaa yale asiyoweza kuyatawala. Majani ya ng'ombe yaliyokatwa alfajiri yalikuwa kengele ya aina yake. Na yule binti wa darasa la sita aliyefundishwa hesabu alimpa mpwa wangu jambo ambalo sisi wazazi wa mjini tulisahau kuwapa watoto wetu, yaani kazi yenye manufaa kwa mtu mwingine.

Kwamba hofu ya wanafunzi yaweza kuwa janga kamili lenyewe, sisi wa nchi hii tulipaswa kulijua kabla ya mataifa mengine. Tarehe 30 Januari, 1962, wiki saba baada ya uhuru wa Tanganyika, wasichana watatu wa shule ya bweni ya Kashasha, katika eneo ambalo leo ni Mkoa wa Kagera, walianza kucheka na kulia bila kuweza kujizuia. Kufikia tarehe 18 Machi, wasichana 95 kati ya 159 walikuwa wamepatwa, na shule ikafungwa. Walimu hawakupatwa hata mmoja. Madaktari Rankin na Philip, waliochapisha taarifa yao mwaka 1963, hawakuona kijidudu wala sumu iliyoleta hali hiyo. Wasichana walirudi makwao, na katika kijiji cha Nshamba, walikotoka baadhi yao, watu 217 walipatwa katika miezi ya Aprili na Mei. Shule ilipofunguliwa tarehe 21 Mei, wengine 57 wakaanza, na mwishoni mwa Juni ikafungwa tena.

Watu wa mbali hukitaja kisa hicho kama kichekesho, na kwa bahati mbaya hata baadhi yetu tunakichekea. Mimi sioni cha kuchekesha kwa wasichana waliolia hadi siku kumi na sita bila mtu kujua la kuwafanyia. Kinachonishughulisha ni kwamba kuifunga shule hakukuizima ile hali. Kuliisafirisha. Kwa maradhi ya virusi, kuwatawanya watu hupunguza maambukizo. Kwa maradhi ya hofu, kumtenga mtu bila kumpa wa kumshika mkono huweza kuyaongeza. Janga kama la korona hutulazimisha kutumia dawa inayotibu la kwanza na kuchochea la pili, na kwa hiyo anayeifunga shule kwa haki hana budi awe na mpango kwa ajili ya hilo la pili.

Je, mwaka 2020 tulikuwa na mpango? Tulikuwa na sehemu yake. Vipindi vya masomo vilitangazwa redioni na katika televisheni, na walioviandaa kwa haraka ile wanastahili pongezi. Lakini wazee wetu wa Elimu ya Watu Wazima watakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, iliyowafikia watu wazima wapatao milioni mbili. Nguvu ya kampeni ile haikuwa redio peke yake. Ilikuwa ni kikundi kilichokaa kuizunguka redio, na kiongozi aliyefunzwa, aliyesoma kijitabu pamoja nao na kuwauliza: sisi hapa kijijini kwetu tutafanya nini? Mwaka 2020 mtoto alisikiliza kipindi peke yake, na asipoelewa hakuwa na wa kumwuliza. Vikundi vikubwa visingefaa wakati wa maradhi, hilo ni kweli. Lakini watoto wanne chini ya mwembe, waliokaa mbalimbali, na mwalimu mmoja anayeishi kijiji kile kile, lingewezekana. Na mahali pachache walimu walilifanya kwa hiari yao bila kungoja waraka.

Lipo jambo la tatu, nalo ni habari za kweli. Tangu mwishoni mwa Aprili 2020 hadi katikati ya mwaka 2021, hesabu za wagonjwa hazikutangazwa nchini. Mojawapo ya hoja zilizosikika ni kwamba hesabu hizo huwatia watu hofu. Hoja hiyo isipuuzwe, kwani ni kweli kabisa kwamba kuhesabu vifo kila jioni kunaweza kumvunja mtu mzima, seuze mtoto. Lakini nafasi ile haikubaki tupu. Ilijazwa na sauti zilizorekodiwa na watu wasiojulikana, zikazunguka katika simu usiku na mchana, moja ikisema tumekwisha, nyingine ikisema hakuna ugonjwa wowote. Kijana alibaki katikati. Tangu mwaka 2021 taarifa zilirudi na chanjo ikaletwa, na walimu waliweza tena kujibu maswali darasani wakiwa na kitu cha kushika. Nionavyo mimi, mtoto hupata utulivu kwa kuambiwa ukweli kwa kiasi chake, na mtu anayemwamini, ambaye yuko tayari pia kusema kwamba swali hili sina jibu lake. Akifichwa, hujua kuwa anafichwa.

Nimeeleza habari za kufunga. Sasa nieleze za kufungua, kwani hapo ndipo makosa mengi hufanyika kwa nia njema. Shule zikifunguliwa, kila mkuu wa shule hutaka kufidia siku zilizopotea. Vipindi huongezwa, Jumamosi huliwa, michezo hufutwa, usingizi hupunguzwa. Yaani mambo yale yale yanayomkinga mwanafunzi huwa ya kwanza kunyang'anywa. Wenzetu wa Kenya, katika kurudisha kalenda yao, walibana mihula mwaka 2021, na mwishoni mwa mwaka huo mabweni mengi yalichomwa moto na wanafunzi wenyewe. Sababu zilikuwa nyingi na sitaki kuwafanya wanafunzi wale kuwa watakatifu. Lakini uchovu ulitajwa, na mwezi Novemba serikali yao ikaona ni lazima kutoa mapumziko mafupi ya katikati ya muhula. Silabasi iliyokimbizwa juu ya vichwa vya watoto wasiolala haijafundishwa, hata kama daftari la maandalio ya somo limejazwa na kutiwa sahihi.

Huenda msomaji akasema kwamba korona imekwisha, na kwamba tangu Mei 2023 Shirika la Afya Duniani liliondoa hali ya dharura. Ni kweli. Lakini mwezi Machi wa mwaka huo huo wa 2023 Kagera ilikuwa na Marburg, na Januari 2025 ikawa nayo tena. Ugonjwa ule huua sehemu kubwa ya wale unaowapata, na mwanafunzi wa mkoa ule aliyeketi darasani wiki zile hakuhitaji kuelezwa na mtu maana ya wasiwasi. Suala la nani atamshika mtoto janga likija ni la muhula huu.

Tunaloweza kufanya si kubwa. Shule nyingi za sekondari zina mwalimu aliyepewa jina la mnasihi, ambaye ana vipindi vyake vyote kama wengine na hana hata chumba cha kuzungumza na mtoto pasipo kusikiwa. Mkuu wa shule anaweza kumpunguzia vipindi vinne na kumpa ufunguo wa stoo ya vitabu. Kila mwalimu anaweza kugawiwa wanafunzi wasiozidi ishirini, si kwa masomo bali kwa malezi, na kuandika katika daftari jina la kila mmoja, kijiji chake, simu ya mzazi au ya jirani mwenye simu, na mtu mzima ambaye mtoto mwenyewe amemtaja kuwa anamwamini. Hili la mwisho aulizwe mtoto, si mzazi. Siku shule itakapofungwa kwa maradhi, kwa mafuriko au kwa sababu yoyote, kila mwalimu ataondoka na orodha yake, na atajua ni nani wa kumpigia Jumamosi na ni nani ambaye hana simu kabisa, ambaye habari zake zitabidi ziulizwe kwa mwenyekiti wa kitongoji.

Maofisa elimu wa wilaya nao wana sehemu yao. Wanapokagua shule huuliza idadi ya madawati, matundu ya vyoo, mahudhurio na ufaulu. Waongeze swali moja: wanafunzi wangapi wametajwa katika madaftari hayo, na wangapi hawakuweza kumtaja mtu mzima hata mmoja? Maofisa ustawi wa jamii, ambao ni wachache na kazi zao ni nyingi, waanze na hao wa mwisho. Na muda wa simu wa kumpigia mtoto wakati wa kufungwa shule uwekwe katika matumizi halali ya shule, maana mwalimu wa mpwa wangu, niliyekuja kumwuliza baadaye, aliwapigia vijana kumi na wanane kila Jumamosi kwa miezi miwili na nusu, akilipa kwa mshahara wake mwenyewe, na mpaka leo hakuna aliyemwuliza alitumia kiasi gani.